Namna ya Kumpima Fomani Kabla Hajaipima Nyumba Yako

Umepata kiwanja Kasubi, Kampala. Pengine ni urithi wa babu kwenye mteremko wa kuelekea Kawaala, pengine umekinunua jirani na barabara ya Hoima kwa fedha ulizodunduliza miaka kumi. Ramani unayo na nondo zimeshashushwa. Asubuhi moja anatokea mtu mwenye kofia ya njano, futi kamba kiunoni na simu mbili mkononi. Vibarua wanamwita bosi, nawe unajikuta unamwita bosi. Usimkabidhi ufunguo wa stoo bado. Fuata mwongozo huu kwanza.

Anza kwa kupanda kilima cha Kasubi. Juu kabisa yapo makaburi ya Makabaka wanne wa Buganda: Muteesa wa Kwanza, Mwanga, Daudi Chwa na Edward Muteesa. Nyumba yao kuu, Muzibu Azaala Mpanga, iliteketea usiku wa tarehe 16 Machi 2010, na ilipofika siku ya kuijenga upya, mtu hakuruhusiwa kuja tu na ngazi yake na mganda wa nyasi akasema naye ni fundi. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, watu wa mbega. Kijana wa ukoo huo hujifunza kwa wazee wake: namna ya kuchagua nyasi, kuzifunga na kuzipanga. Ndani ya paa kuna pete 52 za nyasi, kila moja kwa ajili ya ukoo mmoja wa Buganda, na kila mmoja anajua ni mkono wa nani uliozisuka. Kazi ilikwenda polepole mno, watu wakalalamika, na ni Septemba 2023 tu UNESCO ilipoyatoa makaburi hayo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Lakini hakuna siku iliyosemwa kwamba, kwa kuwa tumechelewa, basi yeyote apande aezeke.

Sasa shuka kilima hadi kiwanjani kwako ufanye hesabu ndogo. Slebu ya zege yenye unene wa sentimita 15 ina uzito wa kilo 360 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Chumba cha mita nne kwa nne kitakuwa na karibu tani sita juu ya vichwa vya watoto wako, kabla hujaweka kitanda wala tangi la maji. Paa la nyasi la Kasubi lina wenyewe wanaojulikana kwa ukoo na kwa mafunzo. Slebu yako ya tani sita inasimamiwa na mtu ambaye sifa yake pekee unayoijua ni kwamba shemeji yako ana namba yake ya simu. Hilo linanikasirisha, nami nataka likukasirishe nawe.

Basi muulize cheti. Uliza kwa heshima, mpe na kiti. Uganda haikosi sheria. Mhandisi ana bodi inayomsajili, mbunifu wa majengo ana yake, mpima ardhi ana yake. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 ilileta kamati za majengo, maofisa wa udhibiti na bodi ya taifa ya kuwaangalia, na kanuni zake zikafuata mwaka 2020. Huruhusiwi kuanza kujenga bila kibali, wala kuhamia bila kibali kingine. Lakini fomani, mtu anayeshinda hapo kiwanjani tangu zege la kwanza hadi bati la mwisho, hana bodi ya jina lake. Kenya walilitazama jambo hilo kwa jicho jingine: sheria yao ya 2011 iliyounda Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi inataka mafundi stadi na wasimamizi wa eneo la ujenzi wenyewe waidhinishwe. Nao wameendelea kuzika watu wa maghorofa yaliyoanguka, kwa hiyo sidai kwamba karatasi peke yake inashika nguzo. Nadai kwamba palipo na leseni pana kitu cha kunyang'anya, na pana jina la kuulizwa.

Hapa ndipo kwenye moyo wa jambo lenyewe. Mhandisi anakuja labda mara moja kwa wiki. Ofisa wa jiji anakuja akipata nafasi. Zege linachanganywa saa tano asubuhi, jua kali, vibarua wamechoka, na kijana wa koleo anasema mchanganyiko ni mzito, uongezewe maji. Anayejibu ni fomani. Akisema ongeza, nyumba yako imeshadhoofika na hakuna macho yatakayoligundua hilo baadaye. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unahitaji maji lita 25 hivi, yaani dumu moja la lita 20 na robo yake, na yapungue zaidi kama mchanga umelowa mvua. Maji yanayozidi hapo hukauka na kuacha vijitundu visivyoonekana, na zege lenye vijitundu ni kama muhogo uliooza ndani: nje unang'aa, ukiuvunja unatoa unga. Kwa hiyo muulize fomani wako: mfuko mmoja unataka maji kiasi gani? Akikutajia lita, msikilize. Akikwambia "mpaka ilainike, ssebo", mnunulie soda, mshukuru kwa kuja, umsindikize hadi stendi.

Muulize pia mirunda ya mikaratusi iliyoishika slebu itatoka lini. Hapa wengi huanguka, kwa sababu mirunda ni ya kukodi na kila siku inakula fedha. Zege humwagiliwa maji siku saba zisizopungua, na nguvu yake hupimwa ikifika siku ya 28. Fomani wa kweli atakwambia kwamba chini ya slebu na maboriti hang'oi mrunda hata mmoja mpaka mhandisi aseme. Wa uongo atakuuliza wewe, mwenye duka la nguo, unaonaje.

La shimo la msingi halina mjadala. Mteremko wa Kasubi ukichimbwa wima bila kuegemezwa mbao, mvua moja inatosha. Oktoba 2008, katikati ya Kampala, kwenye barabara ya Lumumba, kuta za shimo kubwa la ujenzi ziliwafukia wafanyakazi wakafa. Miaka minne kabla yake, Septemba 2004, hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, barabara ya Entebbe, iliporomoka ikaua watu zaidi ya kumi. Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Waliokufa kwenye majengo yasiyokamilika ni wale wale kila mara: wa karai, wa toroli, na mama aliyekuwa akiwauzia chai.

Nimesikia ikisemwa kwamba leseni itamfukuza maskini aliyejifunzia kazi kiwanjani. Nalijali neno hilo, maana mafomani bora niliowaona walianza kwa kubeba karai. Lakini kumpima mtu hakuna maana ya kumrudisha darasani miaka mitatu. Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani ya Uganda ilianzisha utaratibu wa kuwapima watu waliojifunzia kazini na kuwapa kitabu kiitwacho Worker's PAS, kinachoonyesha nini anakiweza. Mlango upo. Kilichobaki ni kuulazimisha utumike kwa yule anayesimamia wengine, ukiongezewa mtihani wa usalama na wa kusoma michoro, na adhabu ya kufutwa kwa atakayeua.

Hatua ya mwisho ni ya kukupima wewe mwenye nyumba. Siku utakapomwambia fomani aongeze ghorofa ambalo halimo kwenye ramani, au atumie nondo za milimita 10 mahali pa 16 kwa sababu fedha imepungua, yeye asiye na leseni atakubali, kwa kuwa kesho kuna mwingine nje ya geti anayengoja nafasi yake. Mwenye leseni ana kitu cha kukulindia dhidi yako mwenyewe. Anaweza kusema, "Hapana, mzee, nitanyang'anywa kazi yangu," akafunga futi kamba akaondoka.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kasubi, kabla zege la kwanza halijamwagwa, mwombe fomani wako cheti na umpigie mhandisi simu athibitishe kwamba anamjua. Kisha mwandikie mbunge wako wa Rubaga na diwani wako, uwaulize ni lini anayesimamia zege atakuwa na bodi kama aliyelichora.