Sifa za Muvi Yenye Matundu

Filamu nzuri haina haja nami. Ina tuzo zake, ina maprofesa wake, ina watu wa kuitazama wakiwa wamekunja nne na kutikisa vichwa polepole. Mimi nimesimama kuisifu ile nyingine: muvi ya roboti, mabomu na majitu ya sayari za mbali, isiyo na kichwa wala miguu, ambayo mwandishi wake bila shaka alitoroka kipindi cha fizikia, na ambayo nikisikia inaonyeshwa leo usiku nitaacha ugali mezani ukifuka moshi.

Nililelewa Kiminini, kwenye barabara ya kutoka Kitale kwenda Webuye, mahali ambapo vitu viwili havijawahi kuadimika: mahindi na matope. Chuo changu kilikuwa kibanda cha video nyuma ya soko. Kuta za mabati, madirisha yaliyozibwa kwa magunia, mabenchi ambayo hayakuwahi kuonja randa, na televisheni moja iliyofungiwa ndani ya kizimba cha chuma kama mshukiwa wa wizi. Nje jenereta ilinguruma. Ikizimika, mwenye kibanda alitangaza kabla hata hajaulizwa kwamba pesa hairudishwi.

Humo ndimo nilimwona Arnold Schwarzenegger, katika Predator ya 1987, akiwa amegandwa na matope mwili mzima, na lile jitu la angani lenye macho ya kuona joto likampita kama linapita kisiki. Kibanda kizima kilipiga mbinja. Kosa lenyewe ni kwamba matope yakikaa mwilini hupata joto la mwili. Dakika chache tu na staringi wetu angeng'aa kama jiko la makaa. Sisi tungejulia wapi? Kesho yake, mimi na binamu yangu, tuliokuwa tumetumwa maji, tulijipaka matope ya mtoni kuanzia utosini, tukajilaza kando ya njia ambayo mama angepitia. Mama hakuwa na macho ya kuona joto. Alikuwa na macho ya kuona madebe matupu. Tulichapwa tukiwa bado na matope yetu, na yalipunguza makali ya fimbo kidogo, kwa hiyo sisemi muvi ilidanganya kabisa.

Terminator nayo ilinifundisha kubishana. Katika ile ya kwanza, ya 1984, tunaelezwa sheria: kisicho na mwili hai hakisafirishwi kurudi nyuma katika wakati. Ndiyo maana wasafiri wanafika uchi, na roboti yenyewe imevikwa nyama juu ya chuma. Haya. Mwaka 1991 inakuja ya pili, na adui wake ni chuma cha majimaji kuanzia ndani hadi nje, hana hata nyama ya kumtosha nzi. Amepitaje? Muvi zote mbili zililetwa na mwongozaji mmoja, James Cameron, kwa hiyo hawezi kumsingizia mwenzake. Swali hilo tulilipukuchulia magunia ya mahindi msimu mzima. Mmoja wetu alisema alifungwa ndani ya ngozi kama nyama ya sambusa, akachekwa, lakini mpaka leo sijasikia jibu la kulishinda lile.

The Matrix ya 1999 sitaikawiza: mashine zinafuga binadamu ili ziwatumie kama betri. Mfugaji yeyote wa kwetu Trans Nzoia angeziambia hizo mashine kwamba mnyama hula kuliko anachokupa, na kwamba kama shida ni stima, walao zingefuga ng'ombe, zipate na maziwa.

Lakini malkia wa makosa ni Armageddon, ya 1998. Kimondo kikubwa kama jimbo la Texas kinakuja, na NASA, badala ya kuwafunza wanaanga kuchimba shimo, inawafunza wachimba mafuta kuwa wanaanga. Ben Affleck, aliyeigiza humo, amesimulia kwamba alimuuliza mwongozaji Michael Bay kwa nini isiwe kinyume chake, akaambiwa afunge mdomo. Sisi pia tulilipuka tulipofika hapo, isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa mchimba visima, ambaye kwa kawaida alisinzia. "Vijana, nyamazeni," alisema. "Kwenda juu unabebwa. Kuchimba nani atakubeba?" Hakuna aliyemjibu. Nafikiri ndiyo siku pekee maishani mwake ambapo Marekani ilimtambua.

Hapo ndipo penye utukufu wa muvi mbovu. Muvi isiyo na kasoro ni nyumba isiyo na mlango; utaizunguka ukisifia kuta. Hii yetu ina tundu, na kupitia tundu hilo mchimba visima anaingia, anaketi, na anatoa hukumu juu ya NASA. DJ Afro alilielewa hilo kuliko wahakiki wote. Alipokuja kuzitafsiri muvi hizi kwa Kiswahili na Sheng, akipaza sauti juu ya sauti za waigizaji, hakuyaziba matundu. Aliyapanua akaweka viti. Majirani zetu Waganda nao wana Who Killed Captain Alex, ya 2010, kutoka mtaa wa Wakaliga, Kampala, ambamo helikopta za kompyuta zinaulipua mji na mtangazaji VJ Emmie anashangilia juu ya kila risasi. Ukimwondoa VJ Emmie, umebaki na nusu ya muvi.

Sina ugomvi na filamu bora. Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya 2009, ni ya kubuni sayansi, ni ya Mkenya, na ni safi. Niliitazama nimenyamaza kama niko kanisani. Nilipotoka sikuwa na mtu wa kugombana naye.

Independence Day je? Ya 1996, ambamo Jeff Goldblum anazima ngao za vyombo vya wavamizi kwa virusi alivyoandaa kwenye kompyuta ndogo ya mkononi. Huwa namkumbuka kwa heshima kubwa kila ninapoingia saiba na flash yangu ikakataliwa na kompyuta iliyo umbali wa kiwiko. Sisi hatukufika hapo kwa Goldblum. Jenereta iliishiwa petroli ndege zikiwa ndio kwanza zinaruka, mwenye kibanda akatangaza tangazo lake, na watu wakasambaa gizani, mvua ikinyesha, kila kundi likiimalizia muvi njiani. Kundi letu liliamua kwamba wavamizi walishuka Kiminini mwezi wa Aprili, chombo kikazama hadi madirishani, wakatoka nje kuomba kusukumwa. Tuliwaitisha pesa kwanza.