Uso Wenye Waganga Wengi

Mtu akivunjika mguu hupewa pole. Akiota chunusi hupewa dawa. Shangazi ataleta limau, jirani atasifia dawa ya meno, na vijana wa kijiweni watasema ni ujana tu, zitaisha ukioa. Hoja hii ya mwisho ina mashahidi wengi, maana ni kweli wapo waliooa na nyuso zikatakata. Ila wengi huoa wakiwa na miaka ishirini na kitu, umri ambao kwa kawaida vurugu za balehe zimeanza kutulia. Huenda bwana harusi angepona hata bila kutoa mahari.

Washauri wote hawa wanakosea muda. Kipele kilichochomoza leo kilianza wiki kadhaa nyuma, homoni zilipochochea tezi za mafuta, seli zilizokufa zikaziba kitundu cha ngozi, na bakteria wanaoishi humo siku zote wakapata karamu. Kikishatokeza, mara nyingi hunywea chenyewe baada ya siku chache, kwa hiyo hata ukikipaka uji wa mtama, uji utapata sifa. Atakayesema mbona akisugua kwa dodoki uso unang'aa, ajue kwamba ule weusi wa vichunusi si uchafu bali ni rangi ya ngozi iliyokutana na hewa. Kusugua huzidisha uvimbe, na ngozi nyeusi ina kumbukumbu ndefu: kipele cha wiki moja huacha doa la miezi. Doa ndilo humpeleka mtu kwenye mkorogo wa kung'arisha ngozi, ambao mara nyingi huwa na steroidi. Uso hulainika haraka, sifa zikamiminika, halafu steroidi zilezile zikaleta chunusi nyingine.

Dawa zenye ushahidi, kama benzoili peroksaidi na adapaleni, hazina mbwembwe. Zinahitaji wiki 6 hadi 12, tena mwanzoni hali yaweza kuonekana mbaya zaidi, na hapo ndipo wengi huzitupa na kurudi kwa shangazi. Vipele vikubwa vya ndani vinavyoacha makovu ni vya kumwona daktari wa ngozi mapema. Lakini harusi ni Jumamosi, utasema, nani atasubiri wiki 12? Kwa Jumamosi hii aitwe mpiga picha. Yeye ana programu ya kufuta vipele, na hataki limau.