Farasi Wamekwenda Wapi?

Kwa mujibu wa kitabu chake, Honda CB350 ina nguvu za farasi 36. Kwa mujibu wa barabara ya Mombo kwenda Lushoto, ile niliyoipata kwa mjomba ilikuwa imebakiwa na kumi hivi, na mmoja wao anachechemea. Nina ushahidi. Boxer ya bodaboda, silinda moja, cc 150, farasi 12 tu tangu kiwandani, ilikuwa ikinipita kwenye kona za kabla ya Soni ikiwa na abiria wawili, mfuko wa saruji na jogoo. Dereva alikuwa anaongea na simu. Aliyegeuka kunitazama ni jogoo.

Pikipiki yenyewe ni ya mwaka 1971, silinda mbili, kabureta mbili, cc 325 ingawa ubavuni imeandikwa 350. Mjomba aliinunua kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa anafunga virago. Honda walizitoa aina hizi kati ya 1968 na 1973, na Wamarekani walizinunua kwa wingi mno, ndiyo maana hadi leo vipuri vyake havijaadimika. Tatizo ni dogo tu: vipo Marekani. Ukiagiza pea ya pistoni na ringi zake, ukaongeza usafiri na ushuru, umeshafika bei ya mbuzi wa sherehe pamoja na mchele wake.

Halafu hao farasi 36 wana masharti. Wanajitokeza wote kwa pamoja injini ikifika mizunguko 10,500 kwa dakika. Mjomba, mzee wa kanisa, aliiendesha miaka yote kwa mwendo wa kwenda kutoa pole. Nadhani alifariki akiwa hajawahi kukutana na nusu ya mifugo yake.

Kabla haijanifikia, ilipita kwa binamu yangu, kijana mwenye moyo mzuri na msumeno wa chuma. Imani yake ilikuwa kwamba nguvu imo ndani, inataka kutoka, ila Wajapani wameizibia. Akaizibua. Silensa zote mbili alizikata nyuma ya mguu wa abiria, na kilichotoka ni kelele. Asubuhi ya kwanza nilipoiwasha uani kwangu, walikuja kina mama wawili na madebe ya mahindi kichwani, wakauliza mashine imefunguliwa lini na kusaga kilo ni shilingi ngapi. Nilipowaeleza, mmoja aliondoka. Mwingine akasema si neno, atasubiri.

Baada ya moshi binamu alihamia kwenye hewa. Aling'oa boksi la chujio la hewa, akazivalisha kabureta vichujio viwili vya koni, vyekundu, vinavyong'aa, vya aina ile inayowafanya watu pale kijiweni waseme "duh". Hapo ndipo alipoiua kabisa. Kabureta za kawaida ukivuta mafuta, mkono wako unanyanyua pistoni ya kabureta moja kwa moja. Hizi Keihin za CB350 hazikubali ubabe huo. Mkono unafungua kipepeo tu. Kinachonyanyua pistoni ni mvuto wa hewa wa injini yenyewe, kupitia mpira mwembamba uliofichwa chini ya kifuniko. Kuvuta mafuta kwenye pikipiki hii ni kama kupeleka barua ya maombi halmashauri: barua imepokelewa, suala lako linashughulikiwa. Sasa ukiondoa boksi lililotuliza ile hewa, mvuto unayumba na barua inapotea njiani. Unafika kwenye mpando, unavuta, injini inakohoa, inatafakari, na inapopata jibu wewe umeshapitwa na jogoo.

Nikaanza kurudisha vya watu mahali pake. Silensa alizitengeneza upya fundi wa kuchomelea, hazipendezi lakini zinanyamaza. Boksi la hewa niliambiwa liko kwa mke wa mjomba. Nikalikuta nyuma ya jiko, na ndani yake amelala kuku juu ya mayai. Nilipoinama kulichukua, mama akaniuliza kama nina akili sawasawa. Kwa hiyo kazi ya kuongeza nguvu za injini ilisimama kwa muda, ikisubiri kuku aangue.

Muda huo wa kusubiri ndio uliojaa washauri. Fundi mmoja wa karakana Tanga mjini alitaka tuchonge silinda, tuweke pistoni kubwa zaidi. Nikampa peni tupige hesabu. Kipenyo cha silinda ni milimita 64. Ukichonga hadi 64.5, ukubwa wa injini unaongezeka kwa cc tano tu, yaani kama asilimia moja na nusu. Kwa pikipiki ya farasi 36 hiyo ni nusu farasi. Nikamuuliza ni nusu ipi, ya mbele au ya nyuma, maana kwa bei ile ningependa niwe na hakika. Hakucheka. Ni haki yake. Silinda zikiwa zimelika, kuchonga hakuepukiki, ila hiyo ni tiba, na yeye alikuwa ananiuzia kama vitamini.

Vijana wa kijiweni, ambao kwenye mambo mengi huwa siwasikilizi, kwenye sproketi walikuwa na hoja. Ya mbele ina meno 16. Weka ya meno 15 na tairi la nyuma linapata msukumo zaidi kwa karibu asilimia saba, kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wachache. Unapoteza mwendo wa juu, lakini kwenye kona za Soni mwendo wa juu una kazi gani zaidi ya kukupeleka bondeni? Hili nililifanya siku hiyo hiyo.

Mke wangu, ambaye hakuulizwa, alisema pikipiki ina kilo 170 na mimi nina 95, na kwamba kitabu hakikukataza kuanzia upande wa pili. Nilipiga hesabu kwa siri. Kilo kumi za tumbo ni karibu asilimia nne ya mzigo wote, zaidi ya mara mbili ya faida ya kuchonga silinda, na haina ushuru wa forodha. Suala hilo linashughulikiwa.

Na hewa yenyewe ina makato yake. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia kumi ya nguvu kila unapopanda mita 1,000, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama mita 1,000 hizo. Kwa hiyo hata pikipiki nzima, mpya, ikifika Lushoto imeacha farasi watatu na kitu pale Mombo stendi, wanakula mahindi ya kuchoma wakisubiri urudi.

Vifaranga vilipotoka, nilipakia pikipiki na boksi lake hadi kwa mzee mmoja wa Korogwe, mstaafu wa karakana ya mkonge. Nikampa shikamoo, akaitika, halafu hakugusa injini. Alisema tuisimamishe kwa stendi ya kati, akasukuma tairi la nyuma kwa kidole. Likazunguka nusu duara likasimama. Akanitazama.

"Mwanangu, wewe unapanda mlima umeshika breki."

Brekishu zilikuwa zinagusa muda wote. Akalegeza nati moja. Tairi likazunguka mpaka tukalisahau.

Kisha akaniambia nivute mafuta hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa, naye akachungulia kwenye koo la kabureta kwa tochi ya simu. "Vuta." Nimevuta. "Vuta mpaka mwisho." Ndio mwisho, mzee. Akaniita nione. Kipepeo cha kushoto kilifunguka vizuri. Cha kulia kiliishia robo tatu, kimeinama kwa adabu. Waya wa mafuta wa upande ule ulikuwa umelegea kwa miaka mingi kiasi kwamba hakuna mtu aliyewahi kuifungua silinda ya kulia yote. Tulikuwa na silinda mbili, mmoja mwajiriwa, mwenzake mwenyekiti. Dawa yake ilikuwa spana namba kumi na subira.

Valvu hupimwa injini ikiwa baridi, kwa hiyo mzee alikunywa chai. Injini ikapoa, chai ikaisha, ikaagizwa nyingine. Kitabu kinataka nafasi ya milimita 0.05 kwenye valvu ya kuingiza na 0.10 kwenye ya kutoa moshi. Ya kulia ya moshi haikuwa na nafasi ya kupita hata uzi wa buibui. Valvu isiyo na nafasi haifungi sawasawa, na mgandamizo unatoka taratibu bila kuaga. Pointi za moto alizisugua kwa msasa laini, akaunga kibalbu kwenye waya ili aone sekunde ile zinapoachana. Mwisho akachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaitia sikioni, nyingine akaisogeza mdomoni mwa kabureta ya kushoto, injini ikinguruma polepole. Akasikiliza. Akahamia ya kulia. Akakunja uso, akakaza skrubu kidogo sana, akarudi kushoto. Mtoto wa jirani aliyekuwa anatazama alimuuliza mama yake kwa sauti kama pikipiki inaumwa kifua.

Mvuto ulipolingana, alinipa ule mpira na mimi nisikie. Filimbi mbili za upepo, sauti moja.

Gharama yote, ukiacha chai: plagi mbili, gasketi, sproketi, na fedha ya fundi ambayo alitaja huku ameangalia pembeni. Hakuna kilichoongezwa humo ndani. Farasi walikuwepo, wengine wamefungwa kwenye tairi, wengine kwenye waya uliolegea, na wote walishalipiwa mwaka 1971.

Kupanda sasa hakuna shida. Shida ni kushuka. Ngoma ya breki ya mbele ilizoea pikipiki iliyojisimamisha yenyewe, na mara ya kwanza nilipotelemka kutoka Soni kwa mwendo mpya nilifika Mombo nikinuka pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Nilimpigia mzee. Akasema alikuwa anaisubiri hiyo simu, nipeleke Jumamosi, na zile hela nilizookoa kwenye pistoni nisizitumie kwanza.