Mfadhili Asiye na Nauli

Jamani, mnavyoniona na buti zangu za matope, mimi ni mfadhili. Mfadhili wa utafiti wa chuo kikuu! Nauli ya kwenda Tukuyu nakopa.

Walikuja watu wa chuo, chuo gani msiniulize, na mradi wa migomba. Hela ya serikali ya Marekani. Wakataka kipande cha shamba hapa Masukulu. Nikawapa. Wakataka mtu wa kupalilia. Nikapalilia. Wakataka chai. Mama watoto akachemsha. Mie nikajua ni ukarimu. Kumbe kwao ni kosti sheringi, yaani kuchangia gharama za mradi!

Kijana wao wa mahesabu akanikalisha. "Baba, ulichotoa kinaingia kwenye mchango wa chuo. Lazima kiwe na ushahidi." Ushahidi? Sisi tumezoea nguvu za wananchi. Unabeba mawe, unabeba mchanga, darasa linasimama, yameisha. Huku hapana. Kanuni za Wamarekani, kifungu 200.306, zinataka mchango uonekane kwenye vitabu, uwe unahitajika kwenye mradi, na usiwe umeshahesabiwa kwenye mradi mwingine wa hela yao. Hata benchi nililowapa wakalie likahojiwa limeshakaliwa na nani!

Zikaja taimushiti. Umeingia shambani saa ngapi? Alfajiri. Hapana, andika saa. Umetoka saa ngapi? Mvua ilipozidi. Andika saa! Na muda uliosimama chini ya mgomba ukipiga soga, tunautoa. Akautoa kweli, watoto wangu wanaangalia.

Ikafika bei. Eti anayejitolea anathaminiwa kwa ujira wa mtu anayelipwa kwa kazi kama yake. Mama watoto akaandikwa mpishi. Mie kibarua. Basi mpishi akanizidi bei! Toka siku hiyo nikidai chakula naulizwa, "Kibarua, umeshamaliza kupalilia?"

Shamba nalo linathaminiwa kwa kodi ya eneo linalofanana nalo. Nikataja kodi ya kishua. Wakamuuliza jirani. "Lile la bondeni? Hata bure sichukui." Wakaandika. Na saini jirani akatia, kwa furaha kabisa.

Kijana akanionea huruma. Akasema lile shirika la sayansi la Wamarekani, NSF, toka 2011 limekataza vyuo kuahidi michango ya hiari kwenye maombi, maana vyuo vilikuwa vinashindana kuahidi ili vipendwe. Nikaruka. Tumepona! "Hii yetu si ya NSF, baba. Saini hapa."

Mwisho akajumlisha. Hela ndefu, jina langu ubavuni. Nikauliza naichukulia wapi, benki au kwenye simu? Akacheka mpaka kalamu ikamdondoka. "Hujapata, baba. Umetoa."

Karatasi zenyewe zinatunzwa miaka 3 baada ya ripoti ya mwisho ya hesabu. Mie nikaachiwa nakala, nami kwa ushamba wangu nikaikunja mfukoni nikaenda nayo kikao cha vikoba. Ikadondoka wakati najieleza kwa nini marejesho yangu yasogezwe mbele. Mweka hazina akaiokota. Akaisoma kwa sauti, mpaka ile jumla.

"Wamarekani anawachangia," akasema, "sisi anatuomba tumvumilie!"

Nikaeleza kupalilia. Nikaeleza chai. Nikaeleza kifungu 200.306. Wapi! Wakanipiga faini ya kuchelewesha. Hiyo sasa, ndugu zangu, risiti nilipewa papo hapo.