Naisifu Geji Yangu Iongopayo

Nina Peugeot 504, ndugu yake yule aliyeshinda Safari Rally mwaka 1975 akiendeshwa na Ove Andersson, akashinda tena mwaka 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Langu halijashinda chochote ila mafundi watatu wa hapa Kondoa. Hata hivyo lina geji mbili ambazo washairi wamezisahau, nami leo nazilipa deni lao.

Kwanza geji ya mwendo. Aliyenitangulia kulimiliki aliua difu, akafungiwa ya pikapu, yenye meno ya kuvutia mizigo. Waya wa geji hauendi kwenye tairi. Unatoka gia boksi, na hesabu yake ni mizunguko ya shafti. Shafti sasa inazunguka zaidi ili tairi igeuke mara ileile moja, na geji, maskini ya Mungu, inahesabu yote kwa uaminifu na kuniandikia mwendo nisio nao. Siku moja nilipima kwa vibao vya kilomita vya barabara ya Dodoma: mshale kwenye 80, mpwa wangu na simu mkononi, kibao hadi kibao sekunde 52. Gawanya 3,600 kwa 52: ni 69. Kilomita 11 kwa saa nazipata bure, bila hata kuzikanyagia.

Nani mwingine anapewa hivyo? Penye kibao cha 50 napita na 43 huku moyo ukinidunda kama mhalifu, na tochi ya trafiki haina la kuniambia. Wenye geji za kweli wanaacha shilingi zao za faini barabarani. Tena Kondoa hadi Dodoma ni kama kilomita 160, lakini dashibodi yangu inaandika 185 au karibu na hapo, kwa hiyo kila nikipiga hesabu ya mafuta naona nina gari linalokunywa kwa adabu. Nimeshajisifu nalo barazani, na sina nia ya kutubu.

Shangazi yangu ndiye shabiki wake mkubwa. Hukaa mbele, mkoba mapajani, macho kwenye mshale. Ukigusa 80 anaanza kunong'ona dua.

"Baba, tunamfukuza nani?"

"Hakuna, shangazi. Ni lami tu."

Wakati huo bodaboda yenye abiria wawili na kreti ya soda inatupita taratibu, abiria wa nyuma akitutazama kwa huruma. Shangazi hamwoni. Kwake yeye mimi ni Joginder Singh, yule dereva wa Safari Rally.

Geji ya pili ni ya mafuta. Ndani ya tanki kuna boya. Likipanda na kushuka, mshale unafuata. Boya langu limekwama katikati, na mshale umekaa nusu tangu nilinunue gari, masika na kiangazi. Utulivu wa namna hiyo ni wachache waliojaliwa. Pale Kolo, tukielekea Babati, gari lilizima likiwa na "nusu tanki". Kijana wa bodaboda alichukua kidumu akarudi nacho baada ya saa nyingi, na katika kungoja huko ndipo nilipanda kuziona picha za mwambani, mimi niliyekulia Kondoa na kuzisikia tu, hata zilipoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu wembamba warefu, wekundu, kana kwamba wanaondoka. Geji nzima ingenipitisha Kolo bila kugeuza shingo.

Juzi fundi amekuja na kigia kidogo cha plastiki, kisichozidi kidole gumba. Anasema akikipachika pale waya unapoingia gia boksi, 80 itakuwa 80. Nimemlipa, nimemshukuru, na kigia nimekiweka kwenye kisahani cha majivu. Ijumaa nampeleka shangazi Dodoma.