Jedwali Dogo, Ugomvi Mkubwa

Ebo! Bwana mdogo kakesha, kisa jedwali la safu mbili. Anataka maneno yalizunguke pembeni kama kwenye magazeti. Si lipo Word, wewe? Unaliburuta, maneno yanajisogeza yenyewe kulipisha. Hataki. Tasnifu yake ni ya hesabu, na watu wa hesabu wameshaapa: LaTeX au basi.

Haya, na LaTeX ndiyo hiyo, programu ya kupanga maandishi. Leslie Lamport aliijenga miaka ya 1980 juu ya TeX ya Donald Knuth, profesa wa Stanford aliyechukizwa na jinsi kitabu chake kilivyopangwa, akaamua kutunga programu yake mwenyewe. Jamaa anajiamini mpaka akaahidi hundi, kuanzia dola 2.56, kwa atakayegundua kosa ndani yake!

Lakini tusidanganyane. TeX huikata aya iwe mistari kwanza, ndipo inatafuta ukurasa uishie wapi. Inapopanga mistari yako haina habari itaangukia juu au chini kabisa. Ni fundi anayekata kitambaa kabla hajampima mteja. Ndiyo maana jedwali likikaribia mwisho wa ukurasa hupitiliza chini, ama ukurasa unaofuata unaanza na mistari iliyobanwa, na pembeni pako wazi, hakuna cha jedwali wala nini.

Dawa wanayoitumia wengi ni kifurushi cha wrapfig, cha Donald Arseneau. (Donald tena!) Unaandika wraptable, unataja upande na upana, na idadi ya mistari ya kubana ukiona yenyewe imekosea kukadiria. Upande uandike kwa herufi ndogo, r au l, jedwali likae papo hapo. Ukiweka herufi kubwa umeliruhusu litangetange. Na likutane na orodha ya vitone sasa. Msyuu! Vinapandana hivyo, husomi kitu.

Kinachoniudhi mimi ni haraka ya bwana mdogo. Jana kalipanga, likakaa. Leo msimamizi kaongeza sentensi moja tu huko juu, kila kitu kimehama, naye kaanza upya. Kazi hii ni ya mwisho kabisa, maneno yakishatulia, wewe unaifanya sura ya pili haijaisha?

Na jedwali la mistari minne kulizungushia maneno ili iweje? Gazeti linabana kwa sababu nafasi ni pesa. Wewe nani kakunyima karatasi? Liweke katikati, lipe namba na jina, endelea. Mtahini atakuuliza takwimu umezitoa wapi, hatakuuliza maneno yamepita upande gani.

Eti msimamizi kaona jarida moja la Ulaya limepangwa hivyo, kapenda. Jarida lina watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, kaka! Muulize kama atakulipa.