Karatasi ya Kukufanya Uonekane Una Kampuni

Ndugu mjasiriamali, najua biashara yenyewe bado, lakini kadi za kugawa lazima ziwepo. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hao hawakuwahi kulipia kodi ya fremu Kariakoo. Nifuate.

1. Jifunze neno moja tu: gramu. Ukifika kwa mpiga chapa, hata kabla ya salamu, uliza, "Mna za gramu ngapi?" Si lazima ujue kwamba huo ni uzito wa karatasi yenye mita moja ya mraba. Karatasi ya A4 ya kutolea kopi huwa ya gramu 80, kwa hiyo moja ina gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ni kilo mbili na nusu. Kwa kadi, wenye akili timamu huishia 300 au 350. Wewe taka nzito kuliko zote dukani. Kadi isiyoingia kwenye pochi haisahauliki: mtu ataishika mkononi hadi Mbagala, na jioni meza yake inayoyumba itapata dawa.

2. Sisitiza ing'ae. Laminesheni mbele, laminesheni nyuma. Fundi akikuonya kwamba kalamu haitashika, mwambie hukuja kuandika, umekuja kuonekana.

3. Ankara nazo zing'ae. Hapa tukae kidogo, maana ndipo ustadi ulipo. Kwetu hati isiyo na muhuri ni barua ya mapenzi. Wenzako hutumia karatasi ya kawaida isiyong'aa, ikanywa wino mara moja, wakalipwa. Wewe gonga muhuri juu ya kioo. Wino utabaki juu unaelea, mhasibu atapitisha kidole, na muhuri wako utahamia kwenye kidole, kisha kwenye shati lake jeupe. Ankara itarudishwa. Usinune! Mwenye fremu akija kudai kodi, utamwambia kwa macho makavu, "Mzee wangu, kuna malipo nayasubiri," na hutakuwa umesema uongo.

4. Usiguse sampuli. Chagua karatasi kwa kuitazama kwenye simu.

5. Pesa ikipungua, gawa matabaka. Kadi ishirini nene za wakubwa, mfuko wa kulia. Zilizobaki chapa kwenye manila, mfuko wa kushoto, za sisi wengine. Hila hii haina kasoro, isipokuwa siku ile utakapotoa mkono kwa pupa, mkurugenzi akapata manila na shemeji yako akapata ya dhahabu. Shemeji ataitunza. Ndiye pekee atakayeitunza.

6. Vipeperushi, chukua nyembamba kuliko zote. Kabla ya saa sita vitakuwa vimefungia karanga, na jina lako litakuwa limefika midomoni mwa watu.

7. Agiza kadi 1,000 kwa mkupuo, maana bei ya moja moja hushuka. Wiki ya pili, badilisha laini ya simu. Sasa umekutana na mteja wa kweli, unataka kukata namba ya zamani uandike mpya, na kalamu inateleza kama mguu kwenye vigae vilivyomwagikiwa maji. Tulia. Mtajie namba kwa mdomo. Ataiandika vizuri kabisa nyuma ya kadi ya mshindani wako.